Kadi Mia Mbili na Sita za Neno Moja

Jumanne, 4 Machi

Nimepoteza kadi mia mbili na sita za neno la Kiingereza "rough". Zilikuwemo Ijumaa, tarehe 28 Februari, saa kumi na moja kasorobo jioni, nilipofunga droo. Jana Jumatatu saa mbili asubuhi nimefungua, hazimo. Zimebaki nane. Nasema nimepoteza kwa sababu ndivyo watu wanavyosema, lakini mimi sijapoteza kitu. Nimepotezewa.

Naandika haya nyumbani, kwenye daftari langu, kwa kalamu niliyonunua mwenyewe, ili asije mtu akasema baadaye kwamba nimechanganya tarehe.

Mimi ni mkusanyaji kadi katika ofisi ya kamusi ya Kiingereza na Kiswahili; kila kadi ni jinsi mtu mmoja anavyosema jambo moja kwa Kiswahili. Kabla ya hapo nilipima mbao kwenye kiwanda cha kupasua magogo miaka tisa, ndiyo maana mpaka leo naitwa Futikamba. Kiingereza nimejifunzia kwenye maboksi ya misumeno na vitabu vya maelekezo ya mashine. Sikuona aibu wakati ule na sioni leo. Miaka kumi na moja nazunguka mitaani kuuliza watu wanavyosema. Mwaka jana, kwa mara ya kwanza, Mhariri, mkuu wa ofisi, alinipa ingizo, yaani neno na maelezo yake kamusini, niliandike mimi mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, herufi za mwanzo za jina langu chini yake. Akasema, "Ukilimaliza hilo, unahamia meza ya waandishi." Ingizo lenyewe ndilo hilo, "rough".

Sheria ya ofisi inaitwa tano kwa tano. Maana yoyote ya neno haiingii kamusini mpaka iwe na kadi tano, kutoka kwa watu watano wenye kazi tano tofauti. Nilikuwa na maana nane. Ubao ambao haujapigwa randa. Barabara ya mashimo. Maji ya mawimbi. Mchezo wa kuumizana. Makadirio. Andiko la kwanza, lile la kufutwafutwa. Sauti. Na mwili ulioamka vibaya. Zilizobaki ni kadi moja kwa kila maana. Moja si tano. Kwa hesabu hiyo neno langu halina hata maana moja.

Kurasa zinakwenda kwa mchapaji Ijumaa, tarehe 4 Aprili. Nane mara tano ni arobaini. Arobaini toa nane, thelathini na mbili. Siku za kazi ninazoweza kuzunguka ni ishirini na mbili. Karibu kadi moja na nusu kwa siku.

Jumatano, 5 Machi

Mvua kutwa. Nimemuuliza Digrii, yule kijana mpya tuliyeletewa kutoka chuoni, kama ameona kadi zangu. Amesema, "Zile zilizojirudia, dada? Nilizisafisha." Amesema "nilizisafisha" kwa sauti ya mtu aliyefagia uwanja. Gunia alilozitia limeshachukuliwa na gari la karatasi chakavu. Nimerudi mezani kwangu. Ningefungua mdomo ningetoa neno ambalo hata kadi tano lisingezipata.

Alhamisi, 6 Machi

Dada yangu ni msusi, naishi kwake, kwa hiyo habari ilimfikia kabla sijavua viatu.

"Sasa kinachokuliza nini?" akasema, mkono mmoja kwenye kichwa cha mteja. "Hizo kadi si uliziandika wewe? Kaa hapo uziandike tena. Unazikumbuka zote, nakujua. Wewe unakumbuka mpaka idadi ya punje za wali zilizoachwa kwenye sahani."

"Kadi haiandikwi kwa kumbukumbu. Inaandikwa mbele ya msemaji, na anaweka sahihi."

"Nani atajua?"

"Mimi."

"Basi," akamwambia mteja, "huyu ndiye mdogo wangu. Akiokota shilingi anamtafuta mwenyewe, na akimkosa anairudisha chini."

Mteja akacheka mpaka dada akamwambia atulize kichwa. Nikaona nafasi. Kazi yetu ina mwiko mmoja: usimpe mtu neno. Ukimpa neno, kadi imekufa. Unamwonyesha kitu, au unamweleza hali, halafu unanyamaza, hata kama kunyamaza kunauma. Nikamwonyesha dada nywele za mteja zilizokuwa hazijatiwa mafuta. "Hizi zikoje?"

"Mbishi," akasema bila kufikiri. "Zinakwaruza mkono. Nywele mbishi."

Kadi ya kwanza, imeingia kwenye maana moja na ubao usiopigwa randa. Nimempa asaini. Mteja hakufurahi.

Ijumaa, 7 Machi

Kiwandani kwangu kwa zamani. Nimepata kadi nne. Msimamizi wangu bado yupo, tumbo limemtangulia kidogo. Nikamwonyesha ubao uliotoka kwenye msumeno sasa hivi.

"Futikamba, umesahau kazi? Huo ni ubao wa msumeno. Haujaona randa."

Nikamwonyesha rundo zima nje, nikamwambia nataka idadi ya futi, lakini asipime.

"Kwa macho tu? Weka mia tatu. Mia tatu na kitu. Usinishike shati nikikosea."

Nimeandika vyote viwili, na "usinishike shati" pia. Kuna msomi fulani angesema hayo si maana, ni maneno ya kujazia. Lakini makadirio bila "usinishike shati" ni nusu ya makadirio.

Jumla tano.

Jumatatu, 10 Machi

Mbili. Barabara: dereva wa lori kasema "korofi", fundi wa matairi kasema "inanilisha". Nimemwambia fundi jibu lake ni zuri lakini sitaweza kulitumia. Akasema basi niandike "mbovu" na nimwache afanye kazi. Jumla saba.

Jumatano, 12 Machi

Kivukoni, chini ya bati linalovuja. Maji yalikuwa yanapanda na kushuka, kivuko kimesimamishwa, abiria wamekaa juu ya mizigo yao. Siku njema kwangu, mbaya kwa wote. Nikamsogelea nahodha, nikaonyesha kidole kule mbele, nikanyamaza.

"Yamechafuka," akasema.

Muuza tiketi, bila kusikia la mwenzake, akasema vilevile. Mbeba mizigo akasema, "Leo maji yamekasirika." Mara akatokea bibi mmoja na kapu lake akaniuliza kwa nini naandika. Nikamweleza kwamba ni neno moja la Kiingereza, la ubao unaokwaruza na la maji kama haya pia. Akasema, "Na kama wanafunzi wenu wataandika kwamba maji yanakwaruza?"

Nikashtuka. Kwa sababu kamusi ya zamani, ile tunayoifanyia marekebisho, imeandika hivyo hasa. "Rough: -a kukwaruza." Basi. Neno moja kwa kila kitu. Mtoto anasoma habari za meli kwa Kiingereza, anafungua kamusi, anapata bahari inayokwaruza kama msasa. Sasa nikiulizwa kwa nini natembea kwenye matope kwa sababu ya kivumishi kimoja, jibu ninalo.

Jumla kumi.

Ijumaa, 14 Machi

Moja. Viatu vimepasuka.

Jumanne, 18 Machi

Leo nitaandika kirefu, maana leo ndipo nilipoona picha nzima.

Nina kumi na nne. Nilikwenda kwa Mhariri kumwomba siku mbili za kutoka nje ya mji. Juu ya meza yake kulikuwa na ukurasa wa majaribio, herufi R. Nikausoma kichwa chini miguu juu. Kiwandani nilisoma lebo za magogo kila upande. Neno langu lilikuwa na mstari mmoja. "-a kukwaruza, -gumu." Chini yake hakuna herufi za jina langu. Hakuna herufi za jina la mtu yeyote.

"Mhariri, hii nini?"

"Ah, hiyo? Hiyo ni ya kushikilia nafasi tu, Futikamba. Usiitilie maanani."

"Kwa hiyo itabadilishwa?"

"Tutaona."

"Nikileta kadi zangu arobaini kabla ya tarehe nne, itabadilishwa?"

"Wewe lete. Kazi nzuri haipotei."

"Zimepotea mia mbili na sita."

Akavua miwani. Mhariri akivua miwani ujue anakwenda kukuonea huruma. "Mdogo wangu," akasema, "yale yametokea, na kwa kweli nimesikitika. Vijana hawa wa siku hizi wana haraka. Mimi mwenyewe sikujua mpaka uliponiambia. Lakini tusifanye neno moja likawa kesi."

"Sifanyi kesi. Nauliza. Kadi zikitimia, ingizo linaingia na maana nane, ndiyo au hapana?"

"Mambo ya kamusi si ya ndiyo na hapana."

"Kamusi nzima ni ndiyo na hapana, Mhariri. Neno limo au halimo."

Akacheka, akanipongeza kwa jibu hilo, akaniambia atalitumia kwenye hotuba. Kisha akaingia mgeni. Nikajikuta nje ya mlango nimeshika ruhusa ya siku mbili ambayo sikumbuki kuipokea. Huyo ndiye Mhariri. Unatoka kwake umepewa kitu, mpaka ufike ngazini ndipo unagundua si jibu la ulichouliza.

Miaka kumi na moja nimemwita mtu mwema. Leo nimehesabu mara alizonijibu moja kwa moja. Sijapata hata moja.

Alhamisi, 20 Machi

Digrii amekuja kwenye meza yangu saa saba mchana wakati wenzetu wamekwenda kula. Amesimama kama mtu anayesubiri chanjo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Sema."

"Kuna kitu nilitakiwa nikuonyeshe siku ile ya kwanza. Niliogopa."

Akaniwekea kikaratasi. Mwandiko wa Mhariri, wino wake wa kijani, tarehe 26 Februari. "Droo ya 'rough' imejaa. Bakiza kadi moja kwa kila maana, nyingine zitoke." Na sahihi.

Nimekisoma mara nne. Jumanne mtu huyu alivua miwani akaniambia hakujua.

"Mbona hukunionyesha?"

"Mkataba wangu ni wa majaribio, dada. Miezi sita. Nikasema labda utanisamehe wewe haraka kuliko yeye."

"Ulifikiri vibaya."

"Naona."

Ijumaa, 21 Machi

Sikuandika yote jana. Nilitaka kukaa na hasira yangu bila mgeni.

Digrii alisema na jambo jingine. Alisema aliposoma kile kikaratasi hakukiona cha ajabu, kwa sababu wiki yake ya kwanza mimi mwenyewe nilimwambia: "Kadi inayofanana na nyingine ni takataka." Nilimwambia kweli. Alikuwa ameniletea kadi tatu za mtu yuleyule, muuza magazeti mmoja, na mvua ilikuwa imenilowesha, nikamkaripia. Nilikusudia mtu mmoja kurudiwa mara tatu. Yeye akaelewa neno kurudiwa. Chuoni hawakumfundisha kwamba kwetu kufanana ndiko ushahidi. Fundi seremala na muuguzi na mwamuzi wa mpira wakisema kitu kimoja bila kujuana, hapo ndipo neno linasimama kwa miguu yake. Kwake yeye ilikuwa ni uchafu wa mara tano.

Kosa kama hilo halifanywi sokoni wala hospitalini. Linafanywa kwetu tu, na wanne kati ya watano wetu wangelifanya kama si mtu kuwaeleza. Na wa kumweleza nilikuwa mimi.

Nimempunguzia nusu ya lawama. Nusu nyingine nimembakizia, kwa sababu alikaa kimya siku kumi na tano.

Kadi mbili leo. Jumla kumi na sita.

Jumatatu, 24 Machi

Digrii amejileta. "Nichukue nikusaidie kukusanya." Nikamwambia mwiko: usimpe mtu neno.

Kituo cha kwanza, uwanja wa mpira. Kamfuata mwamuzi, kamwambia, "Samahani mzee, mchezo wa kuumizana unaitwaje, ni rafu?"

Kadi imekufa. Mwamuzi akasema, "Si umeshajibu mwenyewe?"

Nikamvuta pembeni. "Wewe una ugonjwa wa mwanafunzi bora. Ukijua jibu linakuwasha."

"Sasa nifanyeje?"

"Jiwashe kimya."

Kituo cha pili alijitahidi. Mwalimu wa shule ya msingi, rundo la madaftari mbele yake. Digrii akaokota lile lililochorwachorwa na kufutwafutwa kuliko yote, akaliweka mezani, akafunga mdomo mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Mwalimu akamwangalia, akaniangalia mimi. "Kijana anaumwa? Hilo ni la rafu. La nadhifu mtoto analo nyumbani." Digrii akaandika palepale, akampa mwalimu asaini. Ilikuwa kadi yake ya kwanza nzima.

Halafu mnadi wa vitu vya mitumba, ambaye sauti yenyewe imekwisha: "Imekauka. Ina mchanga ndani." Halafu karani wa mahakama, mshona viatu, kinyozi. Tano kwa siku moja. Jumla ishirini na moja.

Kwenye njia ya kurudi Digrii alikuwa amelowa kama taulo. Akaniambia, "Dada, chuoni niliandika kurasa sitini kuhusu kivumishi, sikumuuliza mtu hata mmoja." Sikumcheka. Nilitaka, lakini sikumcheka.

Alhamisi, 27 Machi

Homa. Zahanati. Muuguzi kaniuliza, "Unajisikiaje?" nikamwambia, "Sema wewe, unanionaje?" Akasema, "Umeamka hovyo." Nimetoa kadi kwenye mkoba. Akasaini huku akiniambia kwamba mimi ni mgonjwa wa vitu viwili. Kwa mfamasia nikapata "mwili umekataa". Jumla ishirini na tano.

Ijumaa, 28 Machi

Kitandani. Dada kaleta uji na mteja wake mmoja, mpishi wa hoteli, "maana umesema unahitaji kazi tofauti." Jumla ishirini na sita. Dada ndiye aliyekuwa akiniambia nighushi.

Jumatatu, 31 Machi

Ishirini na tisa. Bado tatu, zote za barabara na maji.

Nimemwona Mhariri kwenye korido anabishana kwenye simu na mchapaji. "Ndiyo, ndiyo, Ijumaa, bila shaka," huku anajifuta shingo. Ana miaka thelathini kwenye kazi hii. Ameahidi kila mtu kila kitu na sasa ahadi zote zimefika siku moja. Nilidhani ni mwongo. Sasa naona ni mtu anayeogopa kusema hapana usoni mwa mwenzake, kwa hiyo anaisema mgongoni, kwa kikaratasi, kwa wino wa kijani. Huruma ninayo. Lakini huruma si kadi.

Jumatano, 2 Aprili

Ya mwisho nimeipata leo saa tano na nusu asubuhi, kwa mpima ardhi aliyekwama na gari lake kwenye njia ya kwenda bwawani. Nilimsaidia kusukuma kwanza. Kisha nikaonyesha ile njia. Alichosema kwanza hakiandikiki. Cha pili kilikuwa "korofi".

Thelathini na mbili, na nane za zamani, arobaini. Nimezipanga kwa maana, nimekagua kazi, hakuna iliyojirudia ndani ya maana moja. Digrii amekagua mara ya pili. Saa nane mchana nimemkabidhi Mhariri mkononi, pamoja na ingizo lililoandikwa, mistari ishirini na sita. Akazipima kwa kiganja kama mtu anayenunua nyanya.

"Umefanya kazi kubwa, Futikamba."

"Linaingia?"

"Tutaliangalia kwa pamoja."

Alhamisi, 3 Aprili

Leo hakuja kazini mpaka saa saba. Alipokuja alikuwa na wageni. Walipoondoka alikuwa na simu. Nilipita kwa msomaji wa kurasa nikaangalia R. Mstari mmoja bado upo. "-a kukwaruza, -gumu."

Nikamuuliza Digrii kama naweza kutumia kile kikaratasi. Nilimwambia wazi: wewe una miezi mitatu ya majaribio iliyobaki, na itajulikana kilitoka kwako. Sikumharakisha wala sikumpa neno.

"Kiambatanishe," akasema. "Ila andika pia kwamba gunia nililifunga mimi."

Nimeandika barua. Nakala yake ni hii, neno kwa neno. Halisi nimeiweka juu ya meza yake saa kumi na moja kamili, yeye mwenyewe akiwa ameketi, na Digrii shahidi.

"Mhariri,

Tarehe 26 Februari uliagiza kwa maandishi kadi zangu zitolewe. Nimeambatanisha agizo lako. Tarehe 18 Machi uliniambia hukujua. Aliyefunga gunia amekubali kwamba ni yeye, na ameomba hilo liandikwe.

Sikuandikii ili unieleze kwa nini. Kadi mia mbili na sita hazirudi. Nilizipata nyingine, kwa sheria ya ofisi hii, tano kwa tano, maana nane, sahihi arobaini. Unazo mezani tangu jana saa nane.

Tarishi anaondoka na kurasa kwenda kwa mchapaji kesho Ijumaa, saa tano asubuhi. Kubadilisha ukurasa mmoja kunachukua dakika arobaini. Nimemuuliza mpangaji kurasa. Kwa hiyo nahitaji jibu lako kabla ya saa nne kamili.

Swali ni hili. Ingizo langu linaingia kesho likiwa na maana zake nane na herufi za jina langu chini yake, ndiyo au hapana?

Usiniandikie 'tutaona'. Usiniandikie 'kazi nzuri haipotei'. Usiniite ofisini kunipongeza. Ikiwa ni hapana, iandike hapana na uisaini, nami nitaipeleka kwenye kamati inayosimamia ofisi hii pamoja na kadi zote arobaini, kesho hiyohiyo. Ikiwa ni ndiyo, iandike ndiyo.

Neno moja, kwa wino wowote. Nitakuwa mezani kwangu tangu saa mbili. Saa nne kamili nitasimama kuja kulichukua."